Kaburi Mlangoni pa Ghala

Zama wanyama walipokuwa na masoko yao, Buku, panya mkubwa mfanyabiashara, aliingia mji mpya wa Kichuguuni akiwa na mtama mashavuni. Akauza, akajenga ghala, akaoa, akapata wana na wajukuu. Lakini moyo wake ulibaki Bondeni alikozaliwa. Mkewe alipofariki, alimsafirisha akazikwe huko, na sanda yake mwenyewe akaiweka tayari kwa safari ileile.

Ikaja njaa. Kanga, msimamizi wa mji, alimkuta Buku kitandani, yu hoi kwa maradhi.

"Mzee Buku, chakula hakitoshi; mwezi ukiandama wageni wote wanatolewa mjini. Ada yetu unaijua: asiye na kaburi hapa ni mgeni."

"Wanangu wamezaliwa hapa, Bi Kanga."

"Wamezaliwa, ndiyo. Nani wenu amezikwa hapa?"

Kanga alipoondoka, Buku alimwita binti yake mkubwa.

"Nikifa, nizikeni hapa, mlangoni pa ghala."

"Baba, na mama alale kule peke yake?"

Hilo lilimuuma Buku kuliko ugonjwa.

"Mama yenu hakuna awezaye kumfukuza alipo," akasema. "Ninyi je?"

Alifariki kabla mwezi haujaandama. Siku ya kuwatoa wageni, Kanga alifika na askari wake, akauona udongo mbichi mlangoni. Akawaashiria askari warudi nyuma, akainamisha kichwa mbele ya yule binti.

"Poleni," akasema, "wenyeji wenzetu."