Kidato cha Kwanza

Chumba cha mahakama kilikuwa ghorofani, na kiti cha magurudumu cha Mbaruku kilikomea kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

"Tukubebe, fundi," walisema askari wawili.

"Nilibebwa siku niliyoanguka. Leo hapana."

Mkewe, Zawena, alimwinamia. "Baba Raya, wakikuita mara tatu hujaitika, kesi inafutwa."

"Kuitika nitaitika."

Huko juu karani aliita, "Mbaruku Shebe!"

"Nipo!" Ilikuwa ile sauti aliyokuwa akiagizia zege kutoka ghorofa ya nne.

Karani aliita tena. "Nipo!"

Mara ya tatu karani alichungulia. "Panda basi, hakimu anakusubiri."

"Mwambie hakimu nilivunjika mgongo kwa sababu tajiri aliyekaa humo ndani alininyima kamba ya kujifunga nisianguke kazini kwake. Hivi nisivyoweza kupanda ndiyo kesi yenyewe. Aje aione."

Karani aliguna, akarudi ndani. Zawena aliushika mpini wa kiti kwa nguvu.

Kisha juu kiti kikaburuzwa, na viatu vya mtu vikaanza kushuka ngazi, polepole. Mbaruku alifunga kifungo cha juu cha shati lake.