Baada ya Tarehe Kumi

"Weka nafasi," fundi alisema kwenye simu. "Halafu nukta. Umeweka nukta?"

Binti alikuwa ameiweka. Aliitazama nukta yenyewe kama mtu anavyomtazama mdudu bila kujua kama anauma.

Kompyuta ilikuwa ya kaka yake. Miezi saba ilikaa mezani chumbani kwake, imefunikwa kitambaa, na yeye aliyeishia darasa la saba alichojua juu yake ni kuipangusa vumbi. Tarehe kumi ya mwezi wa tatu kaka alifunga kamba za viatu, akaaga kwamba anakwenda kazini, na mpaka leo kazini hajafika wala nyumbani hajarudi. Hospitali walikwenda, polisi walikwenda, vyumba vya maiti walikwenda. Kote waliambiwa waache namba ya simu.

Sasa baba mkubwa alikuwa amekata shauri. Jumamosi ndugu wangekusanyika, kaka ahesabiwe marehemu, nguo zake zigawanywe, watu waanue matanga. Mtu kupotea miezi saba bila neno, alisema, huko si kupotea tena. Mama hakubishana naye. Aliweka kigoda kwenye mlango wa chumba cha mwanawe akakaa, na tangu siku hiyo ukimsemesha anakutazama tu.

Ndipo binti alipomkumbuka fundi wa kompyuta, aliyekuwa akifanya kazi meza moja na kaka kabla ya kuhamishiwa mji mwingine. Fundi akamweleza kitu ambacho hawakuwa wakikijua: mafaili ya kaka hayakai kwenye kompyuta ile peke yake. Popote kaka atakapoandika, kwa kompyuta yoyote, alichoandika kitajinakili humo kwenye folda yake, bora tu mtandao uwepo. Na mtu wa kazi ile, alisema, hawezi kukaa miezi saba asiguse mafaili yake. Kama anapumua, lipo moja aliloligusa.

Lakini mafaili yalikuwa zaidi ya elfu kumi, folda ndani ya folda kama maganda ya kitunguu. Kuyafungua moja moja kungekuwa kuteka bahari kwa kijiko. Basi wataiandikia mashine amri, mistari minne tu, iyapitie yote na kuleta yale yaliyoguswa baada ya tarehe kumi. Ilete tarehe na saa peke yake. Majina yake marefu yangemchanganya.

Aliandika kwa kidole kimoja. Akaipa amri yake jina, akaihifadhi kwenye folda ya kaka kama alivyoelekezwa, akabonyeza. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza. Akamsomea fundi jibu lile herufi kwa herufi, kwa maana maneno yenyewe hakuyajua. Fundi akacheka kidogo, akasema kompyuta ni kama mama mkwe, ukikosea salamu hata kiti hupewi. Binti akarekebisha, akahifadhi. Ikamkatalia. Akarekebisha tena, akahifadhi tena.

"Haya, ibonyeze," fundi alisema. "Ikinyamaza…" Hakumaliza. "Ikinyamaza, basi, mdogo wangu."

Salio likaisha hapohapo. Akabonyeza akiwa peke yake.

Haikunyamaza. Ulitokea mstari mmoja: tarehe ya leo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Akatazama saa ya simu. Ilikuwa saa nne na robo.

Hakukusudia kupiga kelele. Sauti ilimtoka tu, na mama akawa ameshasimama nyuma yake, anauliza nini, nini. Akamwonyesha. Leo, mama. Dakika tatu zilizopita. Mama hakujua kusoma skrini lakini tarehe aliijua. Akatoka uani bila viatu kumwita baba mkubwa nyumba ya pili, na alipokuja akamwambia kwa sauti ambayo haijasikika miezi saba:

"Mwanangu anaandika. Waambie ndugu zako Jumamosi wale makwao."

Baba mkubwa aliusoma mstari mara mbili. Akakaa kitandani kwa kaka, akavua kofia, akaanza kumwomba shemeji yake radhi, na machozi yanamdondoka kwenye kofia.

Simu ikaita. Binti akamweleza fundi yote kwa pumzi moja, tarehe, saa, dakika. Alitegemea ashangilie. Fundi akauliza tu:

"Mama umeshamwambia?"

"Ameshasikia. Yuko hapa."

Fundi akamwambia arudi kwenye amri yake. Kisha, polepole, akamtajia neno moja la kuongeza mwisho wa mstari wa nne, ili mashine ioneshe na jina la faili. Akamwambia alisome mwenyewe kwanza.

Binti akaongeza neno. Akahifadhi. Akabonyeza.

Saa ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja, na simu yake nayo ilisema hivyohivyo.

"Ameandika tena," baba mkubwa alinong'ona. "Sasa hivi. Tunaongea, naye anaandika."

Mama akapiga magoti mbele ya meza, akaweka kiganja kwenye ukingo wa skrini kama anayepima homa ya mtoto.

"Nisomee," alisema. "Faili lake ameliitaje?"

Mbele ya saa palikuwa na jina, herufi ndogo zimebanana, vilevile alivyozichapa asubuhi kwa kidole kimoja alipoipa amri yake jina: mtafutekaka.