Taa ya Mkaguzi

Wakaguzi wa siku hizi huvaa taa kifuani, nayo huwaka nyekundu mtu asemapo uongo mbele yao. Asubuhi hii mmoja alibisha hodi kwangu, ilhali binti yangu Ramla, wanayemsaka, alikuwa amejificha chumbani.

"Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani?"

"Marahaba." Nilikaribia kuongeza "njema", kama nilivyojibu maisha yangu yote, lakini nilijizuia, nikakohoa.

"Pole kwa kikohozi, bibi. Basi pumzika, nitapita siku nyingine."

Aligeuka aondoke. Kinywa kikatangulia akili, kama nilivyolelewa kumuaga mgeni:

"Karibu tena, mwanangu."

Taa ikawaka nyekundu. Mkaguzi aliitazama kwa muda, kisha akainama kuvua viatu mlangoni pangu.