Mkono Unapofika
Fundi Mbwera alikuja kupima makabati ya jiko katika jumba jipya la Bi Salha, ambaye tangu ajali alikuwa anatumia kiti cha magurudumu. Mumewe akaonyesha mchoro wa makabati yanayofika darini.

"Atakayeyatumia ni mpishi," alisema.

Fundi akamgeukia Bi Salha. "Mama, hebu nyoosha mkono nione unafika wapi."

Tangu nyumba ianze kujengwa, hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Akanyoosha mkono, na fundi akachora mstari wa penseli ukutani, penye ncha za vidole vyake. Mumewe akautazama, kisha akaukunja mchoro taratibu.

"Basi makabati yataishia hapa," fundi akasema.

"Ngoja kwanza," akajibu Bi Salha. Akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mkono tena, juu zaidi.