Mate ya Akina Harerimana

Bonaventure alitema kwenye kichupa cha pili, na mate yakagoma. Cha kwanza kilikuwa kimejaa hadi kwenye alama, kimefungwa, kimebandikwa jina lake. Hiki cha pili kilibandikwa jina la Pitchou, mdogo wake, ambaye alikaa papo hapo nyuma ya jiko akimtazama kaka yake anavyohangaika kama mtu aliyemeza vumbi la barabara ya Luvungi.

“Fikiria ndimu, yaya,” alisema Pitchou; kaka mkubwa kwao huitwa yaya.

“Nyamaza weye.”

Ilikuwa kazi ya Pitchou kutema, lakini alikataa katakata.

“Mate ya muntu haitumwi Ulaya,” alikuwa amesema. “Mwenye kushika mate yako, amekushika weye. Minye sitemi. Yaya, weye iko mukubwa wetu: tema ya kwako, tema na ya kwangu. Si tuko damu moja?”

Neno hilo lilimchoma Bonaventure, halafu likampa nafuu, maana tangu vichupa vifike alikuwa hajui afanyeje.

Vichupa vililetwa na Rémy, anayeishi Ubelgiji, mtoto wa baba yao mdogo Ildephonse. Rémy alitaka kujua babu yao Harerimana, aliyewaachia wote jina, alitoka upande gani kabla ya kufika Kiringye, kijiji chao. Kuna maabara huko Ulaya, alieleza, zinazosoma mate ya wanaume na kufuata nyayo za baba kwa baba hadi kwa mababu ambao hata majina yao yamesahaulika. Jambo zuri. Lakini Baba Mdogo Ildephonse aliposikia, akaona faida nyingine. Rémy alitaka kujua babu alitoka wapi. Mzee alitaka kujua nani atoke.

“Mwenye damu ya Harerimana atabaki mu shamba,” alitangaza mbele ya ukoo. “Asiye nayo arudishe udongo.”

Kwa Bonaventure, shamba hilo la babu si kitu. Yeye ni mwalimu, anapanga nyumba Uvira mjini, miaka ishirini na sita ya chaki na mapafu yenye kikohozi. Lakini Pitchou ana nini kingine? Nyumba yake iko pale Kiringye, mpunga wake uko pale, na mkewe Délice na watoto sita wanakula kutoka pale.

Na Bonaventure alijua jambo. Mama yao, siku ya kufa kwake, alimshika mkono, wakiwa wawili tu chumbani.

“Kati yenu, mumoja si wa baba yenu,” alisema. “Hana kosa. Mulindane.”

Akageukia ukutani, asiseme tena. Bonaventure hakuuliza ni nani. Aulize nini? Pitchou alizaliwa mwaka ambao baba yao alifanya kazi kwenye meli za Kalemie na kurudi nyumbani kwa nadra. Pitchou peke yake hutumia mkono wa kushoto. Pitchou peke yake anajua kuimba, na ukoo wa Harerimana ukiimba, mbuzi hukata kamba! Yeye Bonaventure ni kifungua mimba, aliyekuja miezi saba tu baada ya arusi, mtoto wa haraka, kama bibi yake alivyozoea kumtania. Baba yao alimbeba mabegani hadi miguu yake ilipokaribia kugusa chini.

Zamani wazee walisema kitanda hakizai haramu, na neno likaishia hapo. Sasa kuna vichupa, jamani. Miaka kumi na tisa Bonaventure aliibeba siri ile, akala nayo, akafundisha nayo, akalala nayo. Siri ya mtu mwingine inachosha kuliko ya kwako. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa.

Lakini Rémy mwenyewe alisema ndugu wa baba mmoja hupata jibu moja. Basi mate ya Bonaventure yangewafunika wote wawili. Alifikiria ndimu, akatema, akatema tena, mpaka mate yakafika kwenye alama. Akafunga.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, Jumapili baada ya ibada. Ukoo mzima ulikaa uani kwa Baba Mdogo Ildephonse, simu juu ya kigoda, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Rémy aliwasalimu, akasita, akakohoa.

“Papa, mate yako na ya kwangu iko kitu kimoja,” alisema. “Ya yaya Bonaventure na ya Pitchou nayo iko kitu kimoja. Baba yao ni mumoja, hakuna shaka.”

Pitchou akapiga makofi. Délice akapiga kigelegele. Bonaventure akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe akavuta pumzi mpaka chini.

“Lakini,” Rémy aliendelea, “huyo baba yao si mutoto wa Harerimana. Yao na ya kwetu haikutani popote, hata ukirudi nyuma miaka elfu. Pole, ndugu zangu.”

Kigelegele kilikatika. Baba Mdogo Ildephonse hakupandisha sauti. Alimwambia Pitchou avune mpunga uliopo, halafu atafute pa kwenda, yeye na watu wake. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Bonaventure alikumbuka utani wa bibi yake: mtoto wa haraka, miezi saba. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, mwalimu mzima. Pitchou akaja, akachutama mbele yake, akamshika mkono.

“Usilie, yaya,” alimnong'oneza. “Hata kama ningetema minye mwenyewe, jibu ingekuwa ileile.”