Kiatu Kwenye Stendi

Jukwaani walikuwapo watatu: Tunu mwimbaji, Kizito mpiga gitaa na Masudi mpiga ngoma. Uwanjani walikuwapo mashabiki wa bendi nyingine ya roki, iliyotarajiwa kupanda baada yao.

“Shuka, dada! Sauti kama bawaba kavu!”

Kiatu kikarushwa, kikampiga Tunu begani. Wimbo ukakatika.

“Tushuke,” Kizito alinong'ona.

“Tukishuka sasa, nani atatuita tena?” Tunu alimjibu.

Alikiokota kiatu, akakifunga kwa kamba zake kwenye stendi ya maikrofoni.

“Mwenyewe aje akichukue.”

Zomeazomea ikapungua, watu wakaanza kutazamana miguuni. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele akauficha mguu mtupu nyuma ya mwenziwe.

Tunu akawageukia wenzake. “Tunaurudia wimbo, kuanzia mwanzo.”