Chati ya Viwakilishi

Mkaguzi wa shule alisimama muda mrefu mbele ya chati ukutani mwa darasa. Ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, imegeuzwa upande safi, na viwakilishi vya Kiingereza vimepangwa kwa safu: vya nafsi, vya umiliki, vya kuuliza. Kila safu na rangi yake: mkaa, binzari, bluu ya kufulia.

"Nani ametengeneza hii?"

Mwalimu Mkude alijua. Jioni tatu mfululizo alimwona Nasra akipiga magoti sakafuni, akichovya kijiti kwenye rangi. Nasra alikuwa mwaka wa pili akifundisha kwa kujitolea, akingoja mkaguzi mmoja tu aandike jina lake apate ajira.

"Mimi," alisema Mkude.

Watoto wote waligeuka kumtazama Nasra, aliyekuwa nyuma akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. Mkaguzi aliandika, akampa Mkude mkono, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, pembe ya juu ya chati ilibanduka ikaning'inia. Nasra alitoka, akarudi na kikombe cha uji wa muhogo aliotumia kama gundi. Vidole vyake vilikuwa bado na bluu.

"Naomba unishikie hapo juu, mwalimu. Mimi sifiki."

Mkude alishika. Nasra alipaka uji taratibu, bila haraka yoyote. Ulimchuruzika Mkude mkononi, ukaingia kwenye mkono wa shati lake jeupe.

"Nasra," alianza.

"Bado haijashika," alisema Nasra. "Usiachie."